Izimeni Kabla Hamjaijaza: Kuhusu Seva ya Kikundi na Programu Huria za Ushirikiano

Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya viongozi wa vikundi vya kijamii na vyama vya ushirika kutoka magharibi mwa Kenya

Waheshimiwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina, walimu wa kompyuta mliotoka Siaya, Vihiga, Kakamega na Homa Bay, pamoja na wenyeji wetu wa hapa Kisumu, itifaki izingatiwe. Nawashukuru kwa mwaliko huu, na kwa kuwa kazi ya leo ni nyingi, nitaingia moja kwa moja katika jambo lililonileta.

Vikundi vingi vilivyowakilishwa hapa vimeamua, au vinakaribia kuamua, kuweka hati, kalenda, orodha za wanachama na mazungumzo ya kamati katika seva, yaani kompyuta inayotunza kazi za kikundi na kuwafikishia wanachama kupitia mtandao, vinayoimiliki vyenyewe, kwa kutumia programu huria ya ushirikiano. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Ninalo ombi moja tu, na mengi nitakayoyasema yanalizunguka hilo. Msihamishie seva hiyo hata rejista moja ya wanachama kabla hamjaizima, mkachukua mashine nyingine iliyo tupu, na mkairejesha kazi yote kutoka katika nakala rudufu, yaani nakala ya akiba iliyotunzwa kando, mbele ya kamati, mkiwa na saa mkononi.

Sababu ya kuhama inajulikana kwa kila aliyewahi kukabidhiwa ofisi ya kikundi. Kumbukumbu za mikutano ya miaka iliyopita zimo katika akaunti iliyofunguliwa na katibu wa zamani kwa jina lake mwenyewe. Katibu huyo aliolewa mbali, au alipata kazi nje ya kaunti, au aligombana na mwenyekiti. Nywila haikumbukwi, na kila mnapojaribu kuirejesha, msimbo wa uthibitisho unatumwa kwa laini ya simu ambayo haitumiki tena, na ambayo pengine kampuni ya simu imekwisha kumpa mteja mwingine. Mali ya kikundi ipo, wala haikuibwa, ila hakuna mwanakikundi anayeweza kuifikia. Hali hiyo hatungeikubali katika fedha, kwa maana akaunti ya benki ya chama haifunguliwi kwa jina la mtu mmoja. Huwa na watia sahihi watatu, na mmoja wao akiondoka, mkutano huketi na kumteua mwingine. Naomba utaratibu huo huo ufuatwe katika seva, kuanzia siku ya kwanza.

Programu nitakayoitolea mfano ni Nextcloud. Zipo nyingine nzuri, ila hii ndiyo ninayoisimamia kila siku, na historia yake inafundisha jambo muhimu kwa mtu anayetaka kukabidhi kumbukumbu zake kwa programu fulani. Mwaka 2010 Mjerumani aitwaye Frank Karlitschek alianzisha mradi wa ownCloud, na baadaye ikaundwa kampuni ya kuuendeleza. Mwaka 2016 yeye na watengenezaji wenzake kadhaa waliiacha kampuni hiyo, wakaichukua misimbo ile ile, yaani maandishi yanayoiunda programu, na kuanzisha Nextcloud. Hawakuhitaji ruhusa ya mtu, kwa kuwa leseni ya AGPL inamruhusu yeyote kuitumia programu, kuibadilisha na kuisambaza, mradi awape watumiaji wake misimbo aliyoibadilisha, hata wale wanaoitumia kupitia mtandao tu. Watumiaji wa ownCloud waliweza kuwafuata bila kupoteza kazi zao. Hii ndiyo maana ya kuchagua programu huria: kampuni inaweza kuuzwa, kufungwa au kupandisha bei, lakini programu iliyomo katika seva yenu hakuna anayeweza kuizima kutoka mbali.

Kuhusu mashine sitasema mengi. Kompyuta ya mezani ya kawaida, yenye kichakataji cha biti 64, RAM ya gigabaiti 8 na diski mbili mpya, inatosha kwa kikundi cha watu thelathini au arobaini wanaotunza hati na picha. Wekeni mfumo endeshi huria wa Debian au Ubuntu Server, bila madirisha wala mapambo ya skrini. Diski mbili zikiunganishwa ili moja iwe kioo cha nyingine, moja ikifa seva huendelea kufanya kazi. Lakini mtu akifuta folda kimakosa, folda hiyo inafutika katika zote mbili kwa sekunde ile ile. Kioo hicho si nakala rudufu, na naomba asiwepo fundi atakayewauzia kwa jina hilo.

Umeme unahitaji maneno zaidi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa umeme, na hata katika wiki za kawaida sote tunajua jinsi taa zinavyozima na kuwaka mara tatu kabla ya kutulia. Kule kuwaka na kuzima ndiko kunakoharibu, kwa sababu hifadhidata, yaani daftari la ndani ambamo programu huandika kumbukumbu zake, hukatizwa katikati ya kuandika. Nunueni UPS, yaani betri ya akiba inayoshika seva umeme unapokatika, na mkishainunua, msiiache kebo ndogo ya USB ndani ya boksi. Nimeona ofisi nyingi ambamo UPS imewekwa vizuri chini ya meza, seva imechomekwa, na kebo ile bado imefungwa kwa waya wake wa kiwandani. Bila hiyo kebo seva haijui kwamba inaishi kwa betri, nayo itaendelea kufanya kazi hadi betri iishe na izimike ghafla, yaani jambo lile lile mlilolipia ili lisitokee. Kebo ikichomekwa, na programu huria ya Network UPS Tools ikisakinishwa, seva hupata taarifa kwamba betri inakaribia kwisha, hufunga hifadhidata kwa utaratibu na kujizima yenyewe. Kwa wale wa Kakamega na Kisii, ambako radi ni nyingi, naongeza kwamba fundi wa umeme apime waya wa ardhini wa jengo, na kebo ya mtandao inayoshuka kutoka kwenye antena ya paa iwekewe kinga. Radi hupita katika shaba hiyo na kuifikia rauta na seva hata kama njia ya umeme imekingwa.

Jambo la pili linalowasumbua wengi ni anwani ya intaneti. Watoa huduma wengi huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya umma, na mteja aliye katika hali hiyo anaweza kutoka kwenda mtandaoni, lakini aliye nje hawezi kuifikia seva yake. Kulitambua hilo ni rahisi. Fungueni ukurasa wa rauta yenu, mtazame anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, basi anwani hiyo si yenu peke yenu, na mtahangaika bure kufungua milango ya rauta. Mnaweza kumwomba mtoa huduma anwani ya umma isiyobadilika, ambayo kwa kawaida hulipiwa zaidi. Mnaweza pia kukodi seva ndogo mahali penye anwani ya umma na kuiunganisha na ya ofisini kwa njia ya siri ya WireGuard. Au mnaweza kuiweka Nextcloud yote katika seva ya kukodi. Wapo wanaosema kwamba njia hii ya mwisho si kujitegemea. Mimi sikubaliani nao. Ikiwa funguo za usimamizi ni zenu, jina la kikoa, yaani jina la seva linaloandikwa katika kivinjari, limesajiliwa kwa jina la kikundi, na nakala rudufu iko mikononi mwenu, basi mwenye seva anaweza kubadilishwa wakati wowote.

Hata hivyo, seva iliyo ofisini ina faida moja ambayo ya kukodi haina. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Ofisi yenye seva yake kwenye rafu iliweza kuendelea kufungua faili zake siku hiyo, kwa kuwa safari ya kutoka kwenye meza hadi kwenye rafu haipiti baharini. Lakini hilo linawezekana tu ikiwa rauta ya ofisi imefundishwa kujibu swali la jina la kikoa kwa anwani ya ndani. Bila maandalizi hayo kompyuta iliyo mita tatu kutoka kwenye seva itakwenda kuuliza nje, ikose jibu, nanyi mtaambiwa seva haipatikani huku taa zake zikiwaka mbele yenu.

Sasa kusakinisha kwenyewe. Nextcloud imeandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, kwa hiyo inahitaji seva ya wavuti kama Apache au Nginx, PHP yenyewe pamoja na viendelezi vyake, na hifadhidata kama MariaDB au PostgreSQL. Kisakinishi kinaweza kuwapa pia hifadhidata ya SQLite. Ikataeni, kwa sababu inafaa majaribio tu, na kikundi kikikua itawabana. Folda ya faili za watumiaji iwekwe nje ya folda inayoonekana na wavuti. Kazi za mara kwa mara za programu zikabidhiwe kwa cron, yaani saa ya mfumo inayoendesha kazi kwa ratiba, izitekeleze kila baada ya dakika 5, badala ya kusubiri mtu afungue ukurasa. Mkikutana na ujumbe unaosema mnaingia kupitia kikoa kisichoaminika, msiogope, kwani seva haijavamiwa. Maana yake ni kwamba jina mliloandika katika kivinjari halimo katika orodha ya trusted_domains iliyo ndani ya faili ya config.php, liongezeni hapo, na mlango utafunguka.

Cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ianze na https, hutolewa bila malipo na Let's Encrypt, na vyeti vyake vya kawaida vimekuwa vikidumu siku 90. Ni muda mfupi kwa makusudi, ili uhuishaji ufanywe na mashine, si na kumbukumbu ya katibu. Programu ya Certbot hufanya kazi hiyo, mradi katika rauta mlango namba 80, ule wa http ya kawaida, usifungwe na mtu anayedhani kwamba 443, ule wa https, pekee unatosha.

Yupo atakayeniuliza kwa nini tuhangaike hivyo ilhali ipo Nextcloud All-in-One, ambayo huweka kila kitu kwa pamoja kupitia Docker, programu ya kuendesha programu nyingine zikiwa zimefungashwa tayari, na ina mfumo wake wa nakala rudufu. Ni njia nzuri, na kikundi kisicho na fundi wa kudumu kinaweza kuichagua bila wasiwasi. Ninachoomba ni kwamba angalau mtu mmoja katika kikundi awe amesakinisha kwa mkono mara moja, kwa kuwa huyo atajua mali ya kikundi imelala wapi.

Imelala mahali patatu. Pa kwanza ni folda ya data, yenye faili zenyewe. Pa pili ni hifadhidata, inayojua faili ni ya nani, imeshirikishwa kwa nani, nani ana miadi gani katika kalenda na nani alisema nini katika mazungumzo. Pa tatu ni folda ya mipangilio, yenye ile config.php, na ndani yake mna siri ambazo seva hutumia kulinda nywila na vitambulisho. Anayechukua folda ya data peke yake amechukua karatasi bila majalada yake. Utaratibu wa kunakili ni mfupi: seva inawekwa katika hali ya matengenezo kwa amri ya occ, chombo cha Nextcloud cha kuandikia amri, ili watumiaji wasibadilishe kitu, hifadhidata inatolewa yote katika faili moja, folda zote mbili zinanakiliwa, kisha seva inafunguliwa tena. Programu ya restic au ya Borg itaifanya kazi hiyo kila usiku na kuisimba nakala, yaani kuifanya isisomeke bila nenosiri, kabla haijaondoka.

Iende wapi? Nakala iliyo katika chumba kimoja na seva haiwezi kuwafaa siku ya moto, ya mafuriko au ya mwizi. Pendekezo langu ni kwamba vikundi viwili vya miji tofauti vikubaliane, tuseme kimoja cha Kisumu na kimoja cha Kakamega, kila kimoja kimtunzie mwenzake nakala. Kwa kuwa zimesimbwa, hakuna anayeweza kusoma za mwenzake, na gharama yake ni diski moja kwa kila upande. Nenosiri la kuzifungua ndilo lisilotakiwa kupotea kwa hali yoyote, kwani likipotea hakuna fundi atakayewasaidia. Liandikwe kwenye karatasi, litiwe katika bahasha zilizofungwa, na kila mtia sahihi apewe yake.

Ndipo tunafika kwenye zoezi nililoliomba mwanzoni. Chukueni mashine ya pili, hata ya kuazima. Wekeni mfumo mpya, PHP, hifadhidata, na Nextcloud ya toleo lile lile kabisa lililokuwa kwenye ile ya kwanza. Rudisheni folda mbili na hifadhidata, mrejeshe umiliki wa faili kwa mtumiaji wa seva ya wavuti, kisha mtoe hali ya matengenezo. Kuna amri moja hapo ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ni maintenance:data-fingerprint. Fikirini hivi: mweka hazina ameandika hesabu za Ijumaa katika kompyuta yake mpakato, seva ikafa Jumamosi, nanyi mkarejesha nakala ya Alhamisi usiku. Kompyuta yake ikiunganishwa itaona kwamba seva haina hesabu za Ijumaa, na inaweza kudhani kwamba zimefutwa kwa makusudi, nayo ikazifuta upande wake. Amri hiyo huziarifu kompyuta za watumiaji kwamba seva imetoka kwenye nakala ya zamani, ili zihifadhi kilicho kipya badala ya kukifuta. Mambo kama haya hayajulikani kwa kusoma orodha ya sifa za programu. Hujulikana kwa kufanya, na ni afadhali yafanywe wakati ambapo kilichomo ni picha za majaribio tu.

Muda uliotumika uandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Ikiwa ni saa tano, wanachama wajue kwamba siku ya balaa watasubiri saa tano, na waamue kama wanaridhika. Zoezi lirudiwe kila toleo kubwa la Nextcloud linapokuja, kwa sababu toleo moja hupata marekebisho ya usalama kwa takriban mwaka mmoja tu, na haiwezekani kuruka toleo kubwa moja mkaingia la mbele yake. Kikundi kilicholala miaka mitatu kitalazimika kupanda ngazi moja moja, na kila ngazi ina masharti yake ya PHP.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhesabu anayeamua namba za vitambulisho na simu za wanachama zitumike vipi kuwa mwenye dhamana, na seva ikiwa yenu, hamna kampuni ya kumwonyeshea kidole. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipogundua. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, yoyote iliyo ndogo. Kwa hiyo uthibitisho wa hatua mbili uwe wa lazima kwa wasimamizi wote, na mwanachama anapoondoka katika kamati, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Yapo mambo mawili ambayo ningewashauri msiyaanze mwaka huu. Barua pepe za kikundi ziacheni kwa mtoa huduma, kwa kuwa barua inayotoka katika anwani ndogo ya ofisi mara nyingi hutupwa kwenye folda ya taka. Na mikutano ya video ya watu wengi isubiri, kwa maana katika Nextcloud Talk isiyo na mtambo wake wa ziada kila mshiriki hutuma picha yake kwa kila mwenzake, na wakizidi wachache tu, mawasiliano ya kawaida hayabebi mzigo huo. Faili, kalenda na mazungumzo ya maandishi yanatosha kwa kuanzia.

Baada ya chai mtaziona mashine mbili kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Moja ina Nextcloud yenye faili za majaribio, ya pili ni tupu, na kati yake kuna diski ya nakala na kurasa tatu za maagizo kwa Kiswahili. Naomba kila kikundi kitoe mtu mmoja asiye fundi, ikiwezekana mweka hazina, ashike kurasa hizo na kusoma kwa sauti, na fundi atekeleze yale tu aliyosomewa. Kila mahali fundi atakapolazimika kufanya jambo lisiloandikwa tutasimama na kuliandika, na kurasa zitakazopatikana jioni ndizo kila kikundi kitakazokwenda nazo.